Kuhamisha akwariamu ya maji chumvi bila kuua samaki: mwongozo wa Lushi, kuanzia wiki moja mbele mpaka siku ya 14

Nimehama nyumba mara mbili na akwariamu ya maji chumvi, lita 240, hapa hapa Lubumbashi, Lushi kama tunavyoiita. Mara ya kwanza tulitoka Katuba kwenda Kampemba, na siku ya kuhama yenyewe ilienda vizuri mpaka nikajisifu, samaki wote sita waliingia nyumba mpya wanaogelea, tukakula bukari na sombe, tukalala. Siku ya tano asubuhi nikakuta watatu wamelala chini wanahema mbio mbio, mangaribi walikuwa wamekufa. Njo pale nilielewa kwamba kamioneti na mashimo ya barabara haviui samaki sana. Kinachoua ni kile kinachotokea ndani ya maji kimya kimya wiki mbili zinazofuata, na chenyewe kinaanza na kosa unalofanya siku ya kuhama bila kujua.

Mara ya pili sikupoteza hata mmoja. Naandika hapa vile nilifanya.

Elewa kwanza unahamisha nini

Watu wanafikiri wanahamisha samaki na maji. Hapana. Unahamisha bakteria, samaki wanafuata. Samaki anatoa amonia kupitia mashavu yake na kwa uchafu wake, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia. Hawa bakteria hawaishi sana ndani ya maji, wamejibandika kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye sponji ya filtri. Ukiwakausha kwenye jua, au ukiwafungia ndani ya filtri iliyozimwa bila hewa masaa manne matano, wanaanza kufa, na wewe unaweka samaki sita katika maji yasiyokuwa na mtu wa kufagia.

Kingine, maji chumvi yana pH (kipimo cha asidi ya maji) ya juu, 8.1 mpaka 8.4. Kwa pH hiyo sehemu ya amonia ambayo ni sumu kali inakuwa kubwa zaidi kuliko kwenye maji yasiyo na chumvi ya pH 7, kubwa mara kumi na zaidi. Kwa hiyo yule mulamu wako mwenye tilapia kwenye basani anayekuambia "mimi nilihamisha zangu na ndoo tu, hakuna shida" anasema ukweli, lakini ni ukweli wa samaki wake.

Nitriti yenyewe isikunyime usingizi, chumvi inawalinda samaki wa bahari na nitriti kwa sehemu kubwa. Adui ni amonia, na ukosefu wa hewa.

Wiki moja mbele ya kuhama

Nenda kwanza kwenye nyumba mpya uangalie maji, usiende kuangalia rangi ya ukuta. Sisi tunaishi juu ya shaba, mji huu ulijengwa juu ya shaba tangu 1910, na shaba kidogo tu kwenye maji inaua kamba, konokono, anemoni na matumbawe, hata kabla samaki hawajaonyesha kitu. Kama nyumba mpya iko na forage (kisima cha kuchimba na mashine), au tanki ya mabati juu ya paa, au robine na mabomba mapya ya shaba, usitumie yale maji moja kwa moja. Yapitishe kwenye filtri ya osmosi, ile inayochuja maji mpaka yanabaki karibu maji matupu. Kama huna, nunua maji yaliyosafishwa kwa osmosi kwa wale wanaouza, na ujaribu kwa testi ya shaba, ni chupa ndogo mbili na karatasi ya rangi. Maji ya robine ya mji yana klorini, ile unaitoa na dawa ya kutoa klorini, lakini ile dawa haitoi nitrati wala fosfati, na kwa metali usiitegemee.

Halafu chumvi. Chumvi ya akwariamu, siyo ya kupikia. Kwetu inafika mara nyingi kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, na ukingoje wiki ya mwisho utaambiwa gari imelala mpakani, kwa hiyo iweke mapema. Chumvi nyingi zinataka karibu gramu 36 kwa lita kufika 35 kwa elfu, kiasi cha chumvi ya bahari, ni kusema lita 100 zinakula kilo 3.6 hivi, soma gunia lako. Changanya siku moja kamili mbele, masaa 24, na pompi inazungusha na hita (ya kupasha maji joto) imewekwa digrii 25. Maji ya chumvi yaliyochanganywa saa hiyo hiyo yanawachoma mashavu, chumvi haijayeyuka vizuri na pH haijatulia. Nichanganye ngapi? Nusu ya ujazo wa akwariamu. Utaona ni nyingi, lakini ile ya ziada njo itakuokoa siku ya nne.

Pima chumvi na refraktometa, kile kidude cha kuchungulia tone la maji, isome 1.025 au 1.026. Ile ya plastiki yenye mshale inadanganya, povu moja dogo likikaa kwenye mshale unasoma uongo wiki nzima.

Siku hiyo hiyo kaa mbele ya kioo na saa ukahesabu samaki wako wanahema mara ngapi kwa sekunde 15 wakiwa wametulia. Andika, kila samaki namba yake. Kluni wangu mkubwa, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, alikuwa 18. Hii namba itakufaa kuliko testi zote, juu nyumba mpya utakuwa unajiuliza "huyu anahema sana ao ni mimi nina wasiwasi?" na bila namba hutajua.

Siku mbili za mwisho usiwape chakula. Samaki mzima mwenye afya hafi kwa njaa ya siku mbili, na tumbo tupu linachafua ndoo kidogo. Mtoto wangu alilia juu ya hii, akasema nawatesa.

Siku yenyewe

Vyombo: ndoo za lita 20 zenye kifuniko ambazo zilikuwa za chakula. Bidoni ya mawese hapana, ndoo ya rangi hapana, ndoo ya kufulia hapana hata ukiisugua mara kumi, sabuni inabaki kwenye plastiki. Boksi za frigoliti (ile plastiki nyeupe nyepesi ya povu) za wale wanaouza vitu vya baridi ni nzuri sana, zinatunza joto. Pompi za hewa za betri mbili ao tatu, na betri za akiba.

Mpango ni huu na usiubadilishe. Kwanza zima hita, ngoja dakika 20 ipoe, la sivyo kioo chake kinapasuka nje ya maji. Kisha vuta maji safi ya juu na tiyo (mpira wa maji), mbele ya kugusa kitu chochote, ujaze ndoo zako. Nusu ya maji ya zamani mpaka robo tatu inatosha. Siyo juu ya bakteria, nimeshasema hawamo humo, ni ili samaki wasibadilishiwe kila kitu siku moja. Halafu mawe, moja moja, kwenye ndoo yenye maji ya akwariamu, yazame kabisa. Angalia ndani ya matundu, mimi nilipata gobi, samaki mdogo wa chini, amejificha ndani ya jiwe nusu saa baada ya kusema amepotea.

Samaki wanashikwa mwisho, mawe yakiwa nje na maji yamebaki kina cha kiganja. Ukijaribu kuwashika mawe yakiwemo utawakimbiza saa nzima na wanakufa na moyo. Usitumie wavu kwa shirurjie, yule wa njano wa umbo la sahani, ana mwiba kama wembe kila upande wa mkia, unanasa kwenye wavu na unachana mkono wako vilevile. Tumia bakuli la plastiki, msukume pole pole aingie mwenyewe. Wakorofi kila mmoja ndoo yake. Samaki anayeitwa damuazeli, mmoja tu mdogo kama kidole gumba, anaweza kumaliza wenzake wote ndani ya ndoo.

Filtri ya kopo, ile inayokaa nje ya kioo: ifungue. Usiibebe imefungwa na maji ndani. Toa sponji na vile vipande vya kauri, weka kwenye ndoo ya maji ya akwariamu na jiwe la hewa.

Sasa mchanga, na hapa nakuomba usome pole pole kwani njo ulinifanya nizike samaki watatu. Mchanga uliokaa mwaka na nusu umekula uchafu wote, na chini kabisa hakuna hewa. Mara ya kwanza niliuacha ndani ya kioo na maji kidogo juu, nikaona ni akili, nabeba kitu kimoja. Barabarani ukatingishika. Nilipofika nikauona umekuwa na mistari myeusi, nikaingiza mkono, ikatoka harufu ya yai bovu. Nikajaza maji juu yake. Ile amonia yote iliyokuwa imelala chini ikapanda, na bakteria waliobaki hawakuweza kuimaliza. Kwa hiyo mchanga wa zamani, unao njia mbili. Ao utupe na ununue mwingine, ao uoshe kwenye ndoo na maji ya chumvi ya zamani, korogesha, mwaga, korogesha, mwaga, mpaka maji yatoke meupe, hata mara kumi na tano. Usioshe na maji ya robine kama unataka kutunza bakteria.

Kioo chenyewe kisafiri tupu. Kabisa tupu. Lita moja ni kilo moja, hata maji ya vidole vinne yanapiga silikoni, ile gundi inayoshika vioo, kila shimo la barabara. Kama ni pusu-pusu (mkokoteni wa kusukuma) ndiyo unayo, basi kwa njia ya karibu na iliyo sawa, na godoro chini. Mimi nilichukua kamioneti, kioo kimesimama kwenye blanketi, mtu mmoja amekikumbatia nyuma.

Dereva aliniuliza: "Papa, hawa samaki munawakula siku gani?" Nikamwambia hawaliwi, wanaangaliwa tu. Akanyamaza mpaka tulipofika, akasema, "Basi ni kama televizyo inayokula." Ni kweli kabisa, na inakula chumvi ya dola.

Kufika

Anza na meza. Weka nivo ya mwashi (pima maji), huku na kule na kwa kukingama, na chini ya kioo weka karatasi ya frigoliti ya sentimita moja (kama kioo chako ni kile kisicho na fremu chini). Meza ikiinama kidogo, uzito wote unakaa kwenye kona moja na silikoni inaachia usiku wa saa nane. Mbali na dirisha la jua na mbali na jiko la makala, moshi unaingia kwenye maji kupitia pompi ya hewa.

Mawe ndani, mchanga ulioosha, maji ya zamani, maji mapya yaliyochanganywa, pompi, filtri, hita. Subiri. Watu wanachoka hapa, ni saa kumi na moja jioni, watoto wanalia, wanamwaga samaki ndani na maji yako 21. Ngoja ifike 25, pima chumvi upya, na samaki wabaki kwenye ndoo zao na hewa ya betri.

Kuwaingiza: kama wamekaa kwenye ndoo wazi yenye hewa saa mbili tatu na chumvi ni sawa au karibu sawa, linganisha joto tu, kisha wahamishe. Lakini kama unatoka mbali, Likasi kilomita 120 hivi, au Kolwezi karibu 300, na samaki walikuwa ndani ya mifuko iliyofungwa, jua hili. Ndani ya mfuko hewa chafu yao inashusha pH, na pH ikishuka amonia inakuwa haina makali. Ukifungua mfuko, ile hewa inatoka, pH inapanda, na amonia inaamka sumu palepale samaki akiwa humo. Kwa hiyo yale mambo ya kudondosha maji tone kwa tone saa mbili ni kuwapikia kwenye mkojo wao. Mfuko ukiwa bado umefungwa uelee dakika 15 joto lilingane, fungua, toa samaki kwa bakuli, weka ndani, maji ya mfuko mwaga nje. Ila chumvi lazima ilingane, kwa hiyo mwambie anayekutumia akupe namba yake mbele, na uandae maji yako kwa namba hiyo. Kupanda chumvi kunamuumiza samaki kuliko kushuka, ukikosea kosea upande wa chini kidogo.

Zima taa. Hakuna taa mpaka kesho, hakuna chakula, hakuna majirani kuja kugonga kioo.

Hewa ya Lushi, baridi ya Lushi, umeme wa Lushi

Vitabu vingi vimeandikwa na watu wanaokaa kando ya bahari. Sisi tuko mita 1,200 na zaidi juu, presha ya hewa ni ndogo, kwa hiyo maji yetu yanabeba oksijeni pungufu karibu asilimia 13, na maji chumvi tayari yanabeba pungufu kuliko maji ya kawaida. Ndiyo maana mimi siku 14 za kwanza naweka jiwe la hewa zaidi hata kama skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu) inafanya kazi, na pompi moja naielekeza juu maji yavunjike vunjike.

Mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya 10, kama unaweza usihame miezi hiyo. Na umeme ukikatika, kitu cha kwanza ni hewa, joto ni la pili. Samaki wanaweza kuvumilia maji kushuka pole pole mpaka 22, lakini masaa machache bila hewa kwenye kioo kilichojaa ni kilio. Pompi ya betri ikae pembeni tayari, siyo kwenye kartoni ambayo bado hujafungua. Funika pande tatu na blanketi, elea chupa za maji moto zilizofungwa vizuri. Kama una grupe (jenereta), ukiwasha, weka nje na mbali.

Siku 14

Kila asubuhi pima amonia na hesabu pumzi. Testi ikisoma 0 (namba ni miligramu kwa lita), wape chakula kidogo kuanzia siku ya pili, kile wanachomaliza dakika moja. Ikisoma 0.25, usiwape chakula leo, badilisha robo ya maji na yale uliyochanganya. Ikisoma 0.5 ao zaidi, badilisha nusu, kesho tena, na tumia ile dawa inayofunga amonia. Ujue tu kuna testi zinaendelea kusoma amonia hata iliyofungwa, kwa hiyo ukitumia dawa usishtuke namba ikibaki, angalia pumzi. Kluni wangu mara ya pili alipanda mpaka 27 usiku wa kwanza, siku ya tatu 20, siku ya tano 18. Nilipoona ile 18 nikaenda kunywa bia moja.

Siku ya tatu mpaka ya sita ndizo mbaya. Ukivuka hapo bila amonia, mawe yako yako hai.

Maji yakipungua kwa jua, jazia maji ya osmosi yasiyo na chumvi. Chumvi haipandi hewani, maji tu njo yanapanda. Bandika skochi kwenye kioo kuonyesha usawa. Usioshe filtri, usipange mawe upya, acha kugusa gusa.

Madoa meupe

Kuhama kunamchokesha samaki, na samaki aliyechoka anashindwa na vimelea alivyokuwa anavivumilia. Ukiona vidoa kama punje za chumvi, vinakuja, vinapotea siku kadhaa, vinarudi vingi zaidi, hiyo ni ile inayoitwa Cryptocaryon. Vikipotea hajapona, vimeshuka chini kuzaa. Lakini kama ni unga mwembamba kama vumbi la dhahabu, samaki anakimbilia kwenye pompi na anahema vibaya, hiyo ni Amyloodinium, na huna wiki, una siku.

Zote mbili dawa inayoaminika ni shaba, na hapa cheka kidogo, tumetoka kuikimbia shaba ya robine tunaenda kuinunua kwenye chupa. Siyo ndani ya akwariamu! Mawe yanaimeza, na kamba wote watakufa. Toa samaki wote, hata wale wanaoonekana wazima, waweke kwenye kioo kingine tupu chenye sponji ya hewa na vipande vya tiyo ya plastiki vya kujificha. Shaba ya kawaida inakaa 0.15 mpaka 0.20 miligramu kwa lita, wiki mbili mpaka tatu bila kushuka, unapima kila siku. Shaba iliyofungwa, ile iliyounganishwa na kitu kingine ndani ya dawa, ina kipimo kingine, fuata chupa. Na ule mtanki mkubwa ukae bila samaki hata mmoja, wengi wanangoja siku 76 kwani mayai yake yanaweza kukaa muda mrefu sana yakingoja mwenyeji. Kamba na konokono wanaweza kubaki humo, wao hawaugui hiyo.

Dawa usiiweke "kwa kuzuia" wakati hakuna alama. Samaki aliyetoka barabarani hahitaji sumu juu ya uchovu.

Kama mpaka siku ya 14 amonia imebaki 0 wiki nzima na kila mmoja amerudi kwenye namba yake ya pumzi, rudisha chakula cha kawaida na taa masaa yake yote. Samaki mpya, ngoja mwezi mzima, na akija, aanze kwenye kile kioo cha pembeni wiki nne.